Fundi saa kaitemea mate rupia ya bibi yangu, halafu ananidai elfu mbili!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, nimeegemea ukuta hapa Majengo, hata nyumbani sijafika. Yule mzee mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa chini ya mwarobaini, meza imejaa saa mbovu, miwani kafunga kwa kamba, na kila mtu Dodoma hii kashasimuliwa alivyotengeneza saa ya waziri. Huyo huyo.

KATEMA MATE. Ptu! Kwenye dole gumba, dole gumba kwenye rupia yangu.

Nieleze haraka maana nina hasira. Bibi yangu kule Mpwapwa alikuwa na rupia ya Mjerumani ya 1892, sarafu ya madini ya fedha, zile za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, huku Kaiser, mfalme wao, na kofia yake ya kivita, huku simba na mnazi. Aliifunga kwenye karatasi ya kaki, akaitia kwenye mkebe wa majani ya chai tangu mama yangu hajazaliwa. Fedha ikilala na karatasi miaka yote hiyo, salfa ya kwenye karatasi inaipanda taratibu, inaweka utandu mwembamba, na ule utandu ndio unaocheza rangi. Yangu ilikuwa kama shingo ya njiwa. Dhahabu usoni kwa Kaiser, ukienda pembeni zambarau, ukingoni bluu. Miezi mitatu silali vizuri: niitume Marekani ikapimwe daraja la ubora, au niiache kwenye mkebe wake? Miezi mitatu! Yeye kanisaidia kuamua kwa sekunde tatu.

Nilichofuata kwake ni lenzi tu, ile ya kubana jichoni, nione kama kuna mikwaruzo. Nikamwambia, "Shikamoo babu, naomba uishike pembeni." Nilisema PEMBENI, kuna mama muuza ndizi ni shahidi. Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, mbona chafu hivi?" Ptu! Kisha kile kitambaa chekundu cha kung'arishia mikufu, raundi sita. Nilizihesabu kwa sababu mdomo ulikataa kufunguka. Akaiinua juani: "Sasa ndiyo fedha. Lete elfu mbili."

Na alikuwa anatafuna karanga. Mate ya karanga, wakuu.

Hivi sasa Kaiser ana shavu jeupe kama kijiko cha mgahawani. Zambarau imebaki uzi tu, imejificha kwenye vitumbo vya herufi za IMPERATOR ambako kitambaa hakikufika. Upande wa simba kaniachia dole gumba zima, mistari unaihesabu kama uko kwenye usajili wa laini. Na elfu mbili nimempa! Nimempa, kwa sababu alinishikilia rupia. Ptu, na hela juu.

Bwana_Vumbi: Bila picha hii ni chai. Tena ya rangi.

BintiNkuhungu: Mate ya mzee ni baraka, we mtoto. Wenzio wanapeleka mbuzi ndiyo watemewe, wewe umetemewa kwa elfu mbili unalia.

KakaKizota: Karanga za Kongwa ziliwashinda Waingereza kulima, mradi wakaufunga mwaka 1951, sasa zimemmaliza na Kaiser. Apewe maua yake huyo mzee.

Senti50: Pole sana mkuu. Wale wapimaji wakubwa wawili wa Marekani, PCGS na NGC, wanatoa alama kuanzia 1 hadi 70, lakini iliyosuguliwa wanainyima namba, wanaandika tu kwamba imesafishwa, basi. Ile rangi ya asili ndiyo iliyokuwa bahati yako. Ila tuambiane ukweli, hata kabla ya mate ningekwambia ukae chini na kalamu. Rupia iliyokwishazunguka sokoni, uweke ada ya kupima, posta ya kwenda na kurudi, bima, unaweza kujikuta umetumia kuliko bei yake. Ni gramu 11.66 na si zote fedha tupu. Hujarithi shamba la zabibu.

Mtoa mada: Senti50 nakuheshimu kaka yangu, lakini hiyo hesabu ningeipiga MIMI, na rangi yangu. Yeye kaipiga kwa mate.

Zuzu_Stesheni: Dawa ipo. Chemsha yai, lipasue, ulifungie na rupia kwenye mfuko wa nailoni usiku kucha. Rangi inarudi.

Senti50: Rangi inakuja kweli, yai lina salfa. Na wapimaji rangi za kupikwa wanazifahamu sana, wanakurudishia na ada hupati. Msimmalize kijana wa watu.

Mali_ya_Mjerumani: Samahani mtoa mada, inavuta mchele kama sumaku, zile wanazosema zina nguvu za ajabu? Kama inavuta mchele nakuja faragha sasa hivi.

Mtoa mada: Haivuti mchele! Ilikuwa inavuta macho, na hayo nayo yameondoka!

MamaWawili_Ipagala: Huyo mzee namfahamu! Saa ya marehemu baba nilimpelekea mwezi wa pili, kairudisha mshale wa dakika unasukuma wa saa. Nikimuuliza anasema itazoea.

Bwana_Vumbi: Itazoea 😂😂😂 hilo nalichukua.

KakaKizota: Ninyi mna afadhali. Mimi nina fundi suruali, namlilia tangu Nanenane. Kila nikienda kaivaa.

Mpanda_Hiace: Mnalia na sarafu za Mjerumani, mimi za Tanzania hii hii zinakataliwa. Leo asubuhi konda nimempa hamsini hamsini, kazitazama kama nimempa vifuniko vya soda. "Hizo peleka benki." Hela halali!

BintiNkuhungu: Huyo konda mwenye jino la dhahabu? Jana kaniambia chenji nitachukua kesho. Kesho nimpate wapi, nimeoana naye?

MamaWawili_Ipagala: Chenji yangu ya tangu Jumatatu iko naye pia, mwambieni.

Mpanda_Hiace: Tukutane kituoni saa kumi na mbili tumdai kwa pamoja. Nani anakuja?

Zuzu_Stesheni: Nakuja na kiti.

Mtoa mada: Jamani. Wakuu. Alitema MATE.

BintiNkuhungu: Konda naye katema mate?!

Mali_ya_Mjerumani: Mtoa mada, bibi hakuacha cherehani ya zamani?