Kalamu ya brashi ya kujaza inaziba kisha inatema matone: nibadili kalamu au wino?

Mchoraji_Kisenyi (Kampala)

Wakuu, habari za jioni. Dada yenu naomba msaada, na naomba mnijibu kwa kirefu kwa sababu kalamu niliyobaki nayo ni hii moja.

Mimi huchora kwa wino mweusi nikiwa nimesimama palepale watu walipo: Taxi Park ya zamani, soko la Nakasero, steji za boda. Kwa miaka mitatu nilitumia brashi ya kawaida na kichupa cha wino nilichokining'iniza kidoleni kwa uzi. Mwezi wa nne mpita njia alinigonga kiwiko, wino wote ukamwagikia gunia la mihogo mikavu la mama mmoja. Nililipa, akanisamehe, lakini tangu siku hiyo sikutaka tena kubeba chupa iliyo wazi katikati ya watu.

Ndipo nikanunua kalamu ya brashi ya kujaza. Mpini wake ni wa plastiki laini inayobinyika, ncha ni nyuzi za nailoni. Imetengenezwa kwa ajili ya kutia maji ya kuchorea rangi za maji, ila muuzaji alinihakikishia kwamba hata wino inakubali. Nikaijaza wino wa India, ule mweusi wa chupa usiofutika ukishakauka.

Siku mbili za mwanzo nilifurahi mno. Mstari unaanza mwembamba kama unywele, unaukandamiza kidogo unanenepa, unainua mkono unarudi unywele, na huchovyi popote. Siku ya tatu ukaanza kukatika. Nabinya, kavu. Nabinya zaidi, linadondoka tone kubwa kama punje ya haragwe. Juzi tone hilo liliangukia uso wa bibi niliyekuwa namchora akimenya matooke. Kazi ya dakika arobaini, na bibi mwenyewe alikuwa amekaa akisubiri kujiona.

Nimeifungua. Ndani ya shingo kuna kitu cheusi kinanata kama lami, na maji hayakitoi. Naweza kuiokoa? Nitumie wino gani?

Karatasi_Tupu (Mbarara)

Rudi kwenye brashi na chupa tu. Mstari wa brashi halisi ya manyoya hauna mpinzani, na hakuna cha kuziba.

FundiMabango (Jinja)

Dada, usiitupe. Na muuzaji hakukudanganya kabisa, ila alikupa nusu ya habari. Kalamu inakubali wino, huo wa India ndio haukubali kalamu.

Wino wa India ni masizi yaliyosagwa laini sana, yakaelea kwenye maji yenye shelaki. Shelaki ni ileile ambayo maseremala hupaka fanicha ing'ae. Ukikauka, hata umwagie ndoo ya maji hauyeyuki, na kwa mchoro hiyo ni sifa kubwa. Sasa fikiria kitu hicho kinakaukia kwenye mfereji mwembamba kuliko bua la ufagio. Umepiga vanishi bomba lako kwa ndani. Chupa nyingine siku hizi zina akriliki, gundi ya plastiki, badala ya shelaki, matokeo ni yaleyale.

Mimi hupima wino wowote nisioujua kabla haujaingia kwenye kalamu. Dondosha tone moja kwenye sahani ya udongo uliyoiosha, liache hadi kesho, kisha ulipitie kwa kidole chenye maji. Likiwa na ngozi inayong'aa, likakataa kutoka au likabanduka kama gamba, huo ni wa kuchovya tu. Likiyeyuka na kukuchafua kidole, kalamu ni salama.

Kuiokoa: chomoa kichwa cha brashi, kiloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo kwa usiku mzima. Maji ya moto usitumie, yanapinda zile nyuzi. Asubuhi sukuma maji kutokea nyuma kwa bomba la sindano la duka la dawa (ncha ya sindano itoe, utajichoma bure). Kama bado, tafuta dawa ya kusafishia vioo yenye amonia, changanya kidogo na maji, loweka tena saa chache. Amonia inaifungua shelaki. Fanya mahali penye hewa, na HATA TONE usichanganye na Jik (ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe), hutoka gesi ya sumu. Lakini kama wino wako ulikuwa wa akriliki, sikudanganyi, hapo uwezekano ni mdogo.

Mchoraji_Kisenyi

Asante sana fundi. Nimedondosha tone kwenye kisahani sasa hivi. Nitaleta majibu kesho.

Bukoba_Kando_ya_Ziwa

Karibu upande huu wa mpaka, dada. Mimi natumia Quink nyeusi, wino wa kalamu za zamani za kujaza, kwenye kalamu kama yako. Haizibi kwa sababu ni rangi iliyoyeyuka kwenye maji, hakuna chembe wala gundi. Ubaya wake ni kwamba mstari ukiguswa na maji unakimbia. Ila hata huo ubaya nimejifunza kuupenda: ukipitisha brashi yenye maji juu ya Quink nyeusi, rangi inajigawa, kivuli kinatoka na bluu na kahawia humo humo. Nikichora mitumbwi alfajiri sihitaji rangi nyingine.

Nina kalamu mbili. Moja ina wino mtupu, ya pili nimeijaza wino nusu na maji nusu kwa ajili ya vivuli.

Karatasi_Tupu (Mbarara)

Na mvua ya Kampala ikimkuta na mchoro wa Quink mkononi?

Bukoba_Kando_ya_Ziwa

Hilo kweli. Mimi hubeba mfuko wa nailoni.

FundiMabango (Jinja)

Kuna njia ya katikati. Zipo wino zenye chembe za kaboni zilizotengenezwa mahsusi kwa kalamu, chembe ndogo mno, bila shelaki. Platinum Carbon ya Wajapani ni mojawapo. Ikikauka maji hayaigusi. Bei iko juu na huipati kila duka, lakini mjazo mmoja unakwenda mbali. Kumbuka tu kwamba nayo ikikaukia ndani ya kalamu ni kazi kuitoa. Kalamu yenye wino wa namna hii hailazwi wiki tatu droo­ni bila kutumika.

Na ukija kupata hela, kuna kalamu zilizozaliwa kwa ajili ya wino, si maji. Wajapani huziita fudepen, fude ni brashi, wamekuwa wakizitengeneza tangu miaka ya 1970. Ile ya mfukoni ya Pentel mpini wake ni mgumu na inatumia katriji, yaani vichupa vidogo vya kuchomeka, zenye wino usiofutika kwa maji. Katriji ikiisha, mimi huijaza tena kwa bomba la sindano. Moja nimeijaza mara tisa ndipo mdomo wake ukalegea.

Wino wa printa asikushauri mtu. Wa printa nyingi za rangi unakimbia kwa maji, na mchoro ukitundikwa penye jua unapauka.

Mwalimu_wa_Sanaa (Arua)

Mwanangu, wenzangu wameeleza vizuri habari ya wino. Nami niseme juu ya lile tone lililomwangukia bibi, maana hata ukibadili wino litakurudia.

Tone hilo linatokana na hewa. Kalamu ikifikia nusu, nusu nyingine ni hewa. Umeishika kwenye kiganja, umesimama juani, au imetoka kwenye mfuko wa shati. Hewa inapata joto, inatanuka, na njia ya kutokea ni moja tu, kupitia kwenye brashi, ikiwa imetanguliza wino. Ndiyo maana kalamu iliyojaa hutulia na iliyokaribia kuisha hutema. Kwa hiyo ukiwa kazini ijaze kabla haijafika nusu. Ukifungua kifuniko elekeza ncha juu, ngoja kidogo, ndipo uigeuze. Baada ya safari ya boda ndiyo zaidi, kwa sababu mitikisiko huukusanya wino ndani ya kifuniko.

La pili: acha kubinya. Kubinya ni kwa maji. Wino unashuka wenyewe ukiupa nafasi, mstari ukififia gusisha ncha karatasini uhesabu mbili. Mimi nilikata kisponji kidogo kama punje ya mahindi nikakiingiza shingoni mwa mpini, sasa wino unapita taratibu. Na mkono wa kushoto ushike kitambaa daima. Gusa kitambaa, ndipo uguse karatasi.

Unachorea karatasi gani? Ya fotokopi gramu 80 inanyonya, mstari unaota vinyweleo. Yenye mikwaruzo mikubwa inachana nyuzi za nailoni, ncha inapasuka mara mbili kama ulimi wa nyoka. Wanafunzi wangu nawapa manila laini, naikata vipande vinavyoenea kwenye kiganja kilichokunjuliwa. Na brashi ivutwe, isisukumwe mbele. Anayeisukuma ataimaliza kwa mwezi mmoja.

Mbugu_na_Wino (Masaka)

Naongezea kwa uchungu: msijaribu kalamu hizi kwenye kitambaa cha mbugu. Ni kitambaa ninachokipenda kuliko karatasi yoyote, gome la mutuba lililopondwa kwa nyundo, rangi yake ya kahawia inaupokea weusi vizuri ajabu. Lakini nyuzi zake zilikula ncha ya kalamu yangu mchana mmoja. Hapo ndugu wa Mbarara yuko sahihi, tumia brashi ya kuchovya, tena wino mzito wa India ndio hasa wa kazi hiyo.

Mchoraji_Kisenyi

Fundi, tone limekauka na ngozi inayong'aa. Kidole chenye maji kimetoka safi kabisa. Kumbe nilikuwa najaza vanishi.

Mwalimu, karatasi yangu ni ya fotokopi, na nilikuwa nabinya kila mstari. Naacha leo.

Mchoraji_Kisenyi *(wiki mbili baadaye)*

Narudi na majibu kama nilivyoahidi.

Sabuni peke yake haikutosha. Dawa ya vioo usiku mmoja, kisha bomba la sindano: mara ya kwanza maji yaligoma, mara ya pili kikatoka kipande kama kijiti cha kiberiti kilichoungua, na nyuma yake uzi mweusi ukajiviringisha polepole ndani ya glasi ya maji. Nilisuuza hadi maji yakatoka meupe. Ncha imebaki na nywele mbili zilizopinda, nimezikata kwa wembe.

Platinum sijaipata kwa bei ninayoiweza. Quink nimeipata kwa mwuza vifaa vya shule. Nimeweka kisponji cha Mwalimu, nimenunua manila. Juzi nilisimama Taxi Park tangu saa tatu hadi saa sita, nikajaza mara moja, tone halikuanguka. Mistari inayokimbia kwa maji bado inanisumbua, kwa hiyo natunza hela ya wino wa kaboni.

Jana nilirudi Nakasero kwa yule bibi. Nikamchora upya, kisu, vidole vyenye utomvu wa ndizi, na rundo la maganda miguuni. Kwenye maganda nilipitisha brashi ya maji, ikatoka ile bluu ya Bukoba. Aliushika mchoro muda mrefu, kidole chake kilicholowa kikagusa ukingo na kuacha alama. Akashtuka, akadhani ameuharibu. Nikamwambia auache hivyo, nikamkabidhi, kisha nikachora mwingine palepale, na huo wa pili ndio niliouchukua nyumbani.

FundiMabango (Jinja)

Vizuri sana. Hata Quink isuuze kila Jumapili, kichwa na shingo.

Mwalimu_wa_Sanaa (Arua)

Tuwekee picha ya huo wa pili, mwanangu. Hayo maganda nataka kuwaonyesha wanafunzi wangu.