Kijarida cha kufungua shule Januari: karatasi, WhatsApp au SMS?

katibu_uwawa
Wakuu, shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, kaya 450. Walimu wa madarasa wanakadiria nusu ya wazazi wana simu janja, waliobaki wana vitochi. UWAWA (umoja wa wazazi na walimu) inataka kijarida cha kufungua shule chenye tarehe, sare na madaftari, chakula cha mchana, mkutano wa wazazi na majina ya kamati. Mezani kuna mapendekezo matatu: karatasi ya A4 mbele na nyuma, PDF kwenye magrupu ya madarasa, au SMS za jumla. Fedha iliyopo inatosha njia moja na nusu. Ipi ibebe nini?

Mchapaji_Kkoo
Karatasi iwe msingi. Kaya 450 kwa karatasi moja moja ni rimu moja (500), na zinabaki 50 za kuharibika na za wazazi wapya. Chukua gramu 80. Nyepesi zaidi ya hapo huonyesha maandishi ya upande wa pili, na mzazi anayesomea kibatari au taa ya simu atapata shida.

Ilaze A4 na uikunje katikati upate kurasa nne za A5. Upande wa nje unabeba ukurasa wa 4 kushoto na wa 1 kulia. Upande wa ndani ni wa 2 na wa 3. Kwenye printa chagua kugeuza kwa upande mfupi. Ukigeuza kwa upande mrefu, kurasa za ndani zitatoka kichwa chini. Toa nakala moja, ikunje, isome yote, ndipo uagize zilizobaki.

Mambo matatu huharibu kazi hizi:

Kipande cha kukata na kurudisha. Wengi hukiweka chini ya ukurasa wa 4, wanasahau kwamba mgongo wake ni chini ya ukurasa wa 3. Mzazi akikata, orodha ya madaftari inaondoka nacho. Nyuma ya kipande acha wazi au weka salamu.

Picha. Kwenye fotokopi nyuso zote zinakuwa doa jeusi. Nembo ya shule iwe ya mistari tu. Njano na bluu ya maji hupotea kabisa, kwa hiyo vichwa vya habari viwe vyeusi vilivyokolezwa.

Fremu. Templeti nyingi zina mstari wa urembo ukingoni kabisa mwa karatasi, na mashine haichapi hadi ukingoni. Acha angalau sentimita 1 kila upande.

Ukipata risografu (mashine ya kurudufu kwa wino), tumia hiyo kwa mamia ya nakala, kwani inatengeneza masta moja, yaani stensili, kisha inatiririsha. Ila upande wa kwanza uachwe ukauke kabla ya kurudisha karatasi upande wa pili, la sivyo rola zinavuta wino na kuchora michirizi.

mwl_wa_zamu
Mchapaji kaeleza vizuri, ila hakuna aliyeuliza karatasi inafika lini. Kijarida cha kufungua shule kikigawiwa siku ya kufungua, kimechelewa: sare ilitakiwa ishonwe Desemba. Karatasi itoke pamoja na ripoti za watoto siku ya kufunga muhula wa pili. Siku hiyo mzazi anaitafuta ripoti mwenyewe, na kilichobanwa nayo kwa pini kinasomwa.

Kuna kundi ambalo hiyo haiwafikii: wazazi wa darasa la awali, na wa darasa la kwanza ambao watoto wao hawakusoma awali hapo. Hao wapewe wakati wa uandikishaji. Mwachie mwalimu wa uandikishaji nakala zake mapema. Hizo 50 za ziada ndiyo kazi yake.

Moja kwa kaya: pitia rejesta za mahudhurio, weka alama kwa mtoto mdogo kuliko wote wa kila familia, umpe yeye. Begi la mtoto wa darasa la pili hupekuliwa na mama kila siku. La darasa la sita hufunguliwa na mwenyewe. Darasa la saba wasihesabiwe, wameshamaliza tangu Septemba. Kaya ambayo mtoto wake pekee alikuwa huko, iondoe kwenye hesabu.

fundi_bando
WhatsApp haichukui nafasi ya karatasi, lakini ni bure, kwa hiyo ndiyo ile nusu yako ya njia. Kosa la kawaida ni kuchukua PDF ileile ya kuchapa na kuitupia kwenye grupu. Kwanza, iliyopangwa kwa kukunjwa inaanza na ukurasa wa 4 na wa 1 pamoja, msomaji anachanganyikiwa. Pili, A4 kwenye kioo cha simu inadai kukuza na kuvuta kushoto kulia. Tengeneza nyingine: ukurasa wa A5 uliosimama, herufi za pointi 14, safu moja, chini ya MB 1.

Au achana na PDF, tuma picha tatu za 1080 kwa 1350. Picha inaonekana hapohapo. Faili wengi wataliacha "nitalifungua baadaye". Ila WhatsApp hubana picha, na maandishi madogo hutoka na ukungu. Mistari isizidi 12 kwa picha. Orodha ndefu ya vifaa itume kama faili.

Badili mpangilio wa grupu ili wasimamizi pekee waweze kuandika kwa saa 24. Vinginevyo "asante mwalimu" na "amina" 80 zitakizika. Ongeza ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili, wenye maneno yaleyale, kwa bibi na babu wanaolea wajukuu na hawasomi vizuri.

Na juu ya kila toleo andika tarehe. Likisambazwa lenye kosa, huwezi kulikamata. "Toleo la 2, limesahihishwa" ndiyo kinga pekee.

BintiMvita
Kutoka Mombasa. Kwetu mihula ni mitatu, kwa hivyo barua ya Januari haibebi mambo ya mwaka mzima. Chama cha wazazi huandika fupi fupi kila muhula. Hapo kwenu mihula miwili, jaribu kutojaza kila kitu humo. Mambo ya Julai yasubiri Juni.

Jambo moja la saa. Templeti za mtandaoni huweka 8:00 AM. Ukifuta hiyo AM na kuacha "saa 8:00", mzazi atakuja mchana. Andika "saa 2:00 asubuhi" kila mahali, na siku pamoja na tarehe. Siku na tarehe zisipolingana mtu atakupigia kuuliza, nawe utaligundua kosa mapema.

hesabu_za_sms
Sasa SMS, maana hapo ndipo pesa huvuja bila kuonekana. Ujumbe mmoja ni herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ukizidi, unakatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa. Herufi 161 ni SMS mbili. Kwa kaya 450 umelipia 900.

Kinachowaumiza Waswahili ni kile kikoma cha ng'. Ukiandika kwenye Word, "ng'ombe" hupata kikoma kilichopinda. Hicho hakimo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS, kwa hiyo ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine ambao kikomo chake ni herufi 70, na ukizidi vipande ni vya 67. Ujumbe wako wa herufi 154 unakuwa SMS tatu. Kaya 450, bili ya 1,350, kwa sababu ya kikoma kimoja. Emoji na kistari kirefu vinafanya vilevile. Andika moja kwa moja kwenye ukurasa wa mtoa huduma, au futa kikoma ukichape upya hapo, kisha tazama kihesabio kabla ya kutuma.

Mfano, tarehe ni za kubuni:

"Shule inafunguliwa Jumatatu 12/1, kufika saa 1:30 asubuhi. Mkutano wa wazazi Jumamosi 17/1 saa 3:00 asubuhi, uwanja wa shule. Barua ipo kwa mwl wa darasa."

Hiyo ni 154. Jina la shule halimo kwa sababu linakaa kwenye jina la mtumaji, ambalo halizidi herufi 11 na husajiliwa kabla. Usisubiri wiki ya mwisho kulisajili.

mwl_wa_zamu
Naongezea: hiyo SMS itoke wiki moja kabla ya kufungua. Desemba tarehe ya mkutano huwa bado inavutanwa, hivyo kwenye karatasi andika "tarehe ya mkutano mtatumiwa kwa SMS". Ndiyo sababu nyingine ya kuhakiki namba za simu siku ya ripoti. Mwalimu wa darasa awe na orodha, mzazi aweke tiki mbele ya namba yake.

mjumbe_kamati
Katibu, sehemu ya chakula iandike kwa uangalifu kuliko zote. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, ule wa elimu bila ada, unataka michango iwe ya hiari na mtoto asizuiwe masomo kwa sababu yake. Sentensi kama "kila mzazi atalipa kabla ya kufungua" itamletea mwalimu mkuu matatizo wilayani, hata kama wazazi walikubaliana. Andika: "Mkutano wa wazazi wa tarehe fulani ulikubaliana kuchangia mahindi kilo kadhaa na maharage kilo kadhaa kwa mtoto. Asiyeweza amwone mwenyekiti." Taja mkutano ulioamua, taja kiasi, na neno "ada" lisionekane popote. Mwalimu mkuu asome rasimu kabla haijaenda kwa mchapaji.

Namba ya kulipia isiwe kwenye picha ya WhatsApp. Wale jamaa wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wanafuta yenu, wanaweka yao, wanairudisha mitaani na nembo ya shule ikiwa juu. Iweke kwenye karatasi tu, pamoja na jina linalopaswa kutokea mzazi anapolipa.

katibu_uwawa
Shukrani wakuu. Kwa hiyo karatasi na ripoti, SMS moja Januari, picha za WhatsApp bure. Mwenyekiti anang'ang'ania picha ya watoto waliofaulu vizuri iwekwe, kwenye WhatsApp angalau. Inafaa?

mjumbe_kamati
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto yenye jina na darasa ni taarifa binafsi. Pata idhini ya mzazi kwa maandishi, kwa kila mtoto. Fomu yake ndiyo inafaa kwenye kile kipande cha kukata. Kwa toleo hili mmechelewa, wekeni jengo.

Mchapaji_Kkoo
Jengo kwenye WhatsApp, sawa. Kwangu msilete.