Naomba ushauri: alizeti, nazi au ubuyu kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi?

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada wenu, hasa wazazi waliopitia hili.

Binti yangu ana miaka minne na daktari alishasema ni pumu ya ngozi. Tuko Dodoma, na kipindi hiki cha upepo mkavu anapasuka kwenye viwiko na nyuma ya magoti. Usiku anajikuna mpaka inaniuma moyo.

Nampaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu akitoka tu kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu. Yanasaidia, ila mchana akitoka jasho anawashwa. Ya nazi yanamlainisha vizuri lakini hayadumu. Ya zeituni niliyaacha, maana yana asidi ya oleiki nyingi, ambayo inaweza kudhoofisha ngozi kavu. Alizeti inasifiwa kwa asidi ya linoleiki, aina ya mafuta inayosaidia ngozi kushika unyevu, na huku kwetu inakamuliwa kila kona, ila ni ya kupikia.

Dukani nimekuta kopo la “mafuta ya ubuyu”. Kugeuza nyuma: parafini ndiyo ya kwanza, manukato yanafuata kwa mbali, ubuyu uko mwisho kabisa! Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo nikalirudisha.

Je, kuna aliyempaka mtoto wa hali hii alizeti ya kupikia, na ni bora iliyosafishwa au ile ya kukamua tu? Na je, niyachanganye na mafuta ya mgando au nipake kimoja juu ya kingine?

Natanguliza shukrani.