Nanunua fremu Area C, Dodoma, hati ni ya enzi za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu)

Wakuu, muuzaji ana hati ya CDA na anataka nusu ya pesa leo. Nianzie wapi?

— Usitoe hata mia kabla ya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Barua ya mwenyekiti wa mtaa haikuonyeshi rehani ya benki wala zuio la mahakama. CDA ilivunjwa 2017, kazi zake zikaenda Manispaa, sasa Jiji. Hati zake zilikuwa za miaka 33, kwa hiyo angalia imebaki mingapi na kama ilishabadilishwa kuwa ya 99.

— Nyongeza mkuu: kama muuzaji kaoa, ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi. Mauziano mengi hufia hapo. Kodi ya ongezeko la mtaji (ya faida ya kuuza mali) ni ya muuzaji, ila isipolipwa uhamisho unakwama na hasara unaibeba wewe. Iandikwe kwenye mkataba, na kiasi kikubwa kilipwe baada ya kibali cha uhamisho.

— Na wapangaji waliomo? Omba mikataba yao. Kununua jengo hakuwaondoi.