Njia ya mguu inayokatiza reli hapa Moshi: ifungwe au ibaki?

Wadau wa Moshi, na wote mnaoishi karibu na reli, habari zenu.

Kwenye mkutano wa mtaa wetu huku chini ya reli limeletwa pendekezo: ile njia ya mguu inayokatiza reli kuelekea soko la Mbuyuni izibwe kwa nguzo za zege na waya, kwa ajili ya usalama. Anayetaka kuvuka azunguke mpaka barabarani, kwenye makutano rasmi. Uamuzi umeahirishwa hadi mkutano ujao. Mimi napinga, na naomba tulijadili kwa uwazi, maana siku ile waliongea waliokuwa na nafasi ya kuja. Wanaovuka kila alfajiri na beseni kichwani walikuwa sokoni.

Reli hii ilifika Moshi mwaka 1911 ikitokea Tanga, enzi za Mjerumani, ikasogezwa hadi Arusha mwaka 1929 wakati wa Mwingereza. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba reli ndiyo iliyotufuata. Lakini treni ya abiria ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kuonekana, na ya mizigo nayo ikaja kupotea. Watu wakajenga, wakafunga mbuzi relini, wakaanika mahindi juu ya kokoto. Treni ya abiria iliporudi Moshi mwaka 2019, na Arusha mwaka uliofuata, ilikuta kizazi kizima kinachoijua reli kama mahali pa kupita tu. Hatari hiyo ipo na siipuuzi.

Nendeni mkaitazame njia yenyewe. Kokoto zimeshindiliwa na nyayo hadi zimelala, na mataruma mawili ya chuma yanang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kabla ya saa moja asubuhi wanapita wenye ndizi, wanafunzi, mafundi, wauguzi wanaowahi zamu Mawenzi. Jirani yangu mzee anavuka na fimbo: anasimama, anageuza kichwa huku, anageuza kule, ndipo anatia mguu.

Sasa simama pale tutani utazame. Upande wa Kahe reli imenyooka, unaona mbali. Upande wa pili kuna kona, na kwenye kona kuna migomba na matete, mtu amelima ndani ya hifadhi ya reli. Huoni zaidi ya umbali wa nguzo mbili za umeme, tuseme mita 100. Piga hesabu. Treni ikienda kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Mita 100 ni sekunde saba. Mama mwenye mkungu kichwani na mtoto mkononi anahitaji sekunde nane hadi kumi kutoka kokoto za upande huu hadi za upande ule. Hesabu inakataa. Hapo nakubaliana kabisa na waliotaka kufunga: ilivyo leo, njia ile si salama.

Ila kinachoifanya isiwe salama ni migomba! Hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande, na mtu hana haki ya kulima humo. Panga moja na siku moja, kona inafunguka. Kwa nini tuanze na zege?

Halafu kuna jambo ambalo mkutano haukuligusa: hao watu wapite wapi? Barabara ya kuzungukia haina njia ya waenda kwa miguu. Kuna lami, kuna mtaro ulio wazi, na katikati yake kuna ukingo wa vumbi ambao bodaboda nao wanautumia, tena kwa pande zote mbili. Mtoto wa darasa la pili anatembea juu ya mstari mweupe. Treni ya abiria inapita mara chache kwa wiki, na siku zake zinajulikana. Malori, daladala na bajaji zinapita mfululizo kuanzia alfajiri hadi usiku. Tunamtoa mtoto kwenye hatari ya siku chache, tunampeleka kwenye hatari inayompita kiwiko kila dakika, halafu kwenye muhtasari tunaandika kwamba usalama umeimarishwa. Akigongwa na pikipiki kule, hakuna atakayeandika kwamba uzio wa reli ndio uliompeleka pale. Ataingizwa kwenye hesabu ya ajali za barabarani na habari itaishia hapo.

Na wengi hawatazunguka. Waya utakatwa usiku, utauzwa chuma chakavu, na watu watavukia mbele zaidi, katikati ya kona, ambako hata hizo mita 100 hazipo.

Karibuni. Anayetaka ifungwe aseme, ila aseme pia watu wapitie wapi.

*Mstaafu wa reli, Kahe*

Nimeendesha treni hadi nilipostaafu. Kijana, umesema vizuri, lakini umesema ukiwa umesimama kwenye kokoto. Njoo ukae kwenye kichwa cha treni. Sisi hatuna usukani. Ukimwona mtu unapiga honi, unafunga breki, na kazi yako imeisha. Kinachobaki ni kutazama. Breki za mabehewa hazishiki zote kwa mara moja. Hewa inatoka kwenye bomba behewa baada ya behewa, na treni yenye mzigo inaendelea kwenda mamia ya mita huku magurudumu yanalia.

Watu wanasema wataisikia. Kichwa kikishuka mteremko hakivuti, kinateleza tu. Upepo ukivuma kuelekea kilikotoka, unakisikia kimeshakufikia. Na vijana wa siku hizi wameziba masikio kwa muziki.

Mwisho, mnajadili wanaovuka tu. Anayemgonga mtu hakukusudia, na bado anaibeba ile sura maisha yake yote. Mwenzangu mmoja aliacha kazi kwa sababu hiyo. Kivuko kisicho na mlinzi mimi sikihesabu kuwa kivuko. Fungeni.

*Mama lishe, Mbuyuni*

Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na sufuria mbili na dumu la maji. Kuzunguka ni kulipa bodaboda kwenda na kurudi, na hiyo ndiyo faida yangu ya chai na maandazi. Barabara ile alfajiri ni giza, nimeshaporwa pochi. Relini tunapita wengi na tunajuana. Siku ya treni tunaambiana. Mkifunga mtakuwa mmenifungia genge.

*Mzazi*

Mimi nataka ifungwe, na nina sababu ambayo mwanzisha mada ameiruka. Binti yangu yuko darasa la pili. Watoto wenzake wanapanga vizibo vya soda juu ya reli, wanasubiri treni ivibonde wavichukue vikiwa bapa. Nimewakuta kwa macho yangu, wamechuchumaa hatua mbili tu kutoka relini. Kwao pale si njia, ni uwanja wa michezo.

Na hiyo migomba: mkiifyeka leo, mvua za masika zikinyesha itachipua tena. Nani atafyeka mara ya pili, na ya tatu? Tunajuana sisi. Mwanzoni tunajitokeza wote na mapanga, baadaye anabaki mwenyekiti peke yake. Uzio ukishawekwa haumtegemei mtu kukumbuka.

*Bodaboda*

Sisi wa pikipiki tuzuiwe pale, nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Nimeona tairi la mwenzangu limenasa kati ya reli na kokoto, abiria yuko nyuma na mtoto mgongoni. Wekeni vyuma vya kupita mtu mmoja mmoja.

*Mtu wa Moshi, niko Uingereza*

Huku mabishano haya ni ya miaka mingi, na yanakata pande zote mbili. Elsenham, kijiji kimoja cha Essex, kina stesheni yenye kivuko cha miguu. Desemba 2005 wasichana wawili walivuka wakiwahi treni yao, treni nyingine ikawakuta. Taa nyekundu ilikuwa inawaka na king'ora kinalia, lakini vigeti havikujifunga. Daraja la waenda kwa miguu likajengwa baada ya msiba. Ikaja kujulikana kwamba maonyo ya maandishi kuhusu kivuko kile yalikuwepo kabla ya ajali, na mwaka 2012 mahakama ikaitoza Network Rail, wenye reli, faini ya pauni milioni 1.

Upande mwingine, sheria yao ya barabara ya mwaka 1980 ina kifungu cha 118A kinachoruhusu kufuta njia ya mguu inayokatiza reli kwa ajili ya usalama wa umma. Lakini kabla amri haijathibitishwa, lazima izingatiwe kama inawezekana kuifanya njia hiyo iwe salama bila kuifuta, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuweka pingamizi. Swali la kwanza ni kama inatengenezeka. Sijui kama mkutano wenu uliuliza hilo.

*Mwanzisha mada*

Haukuuliza. Ndiyo maana nimeandika.

Mzee wangu wa Kahe, shikamoo. Maneno yako nimeyapokea kwa uzito wake, hasa kuhusu dereva, maana kwenye mkutano hakuna aliyemtaja. Lakini umesema kivuko kisicho na mlinzi si kivuko, nami nalichukua hilo hilo. Wewe unajua kuliko sisi kwamba kwenye njia moja kama hii treni haiondoki stesheni kwenda nyingine bila kibali. Kwa hiyo treni ikitoka Kahe, stesheni ya Moshi inajua. Iwe ya abiria, iwe ya mizigo isiyo na ratiba, kuna mtu mezani anayejua kwamba iko njiani. Simu moja kutoka meza hiyo kwenda kwa mtu mwenye bendera na filimbi pale tutani inagharimu nini? Treni zingekuwa zinapita kila nusu saa ningesema mlinzi ni gharama kubwa. Kwa treni za siku chache kwa wiki, posho ya mtu wa kusimama saa mbili au tatu haifiki bei ya nguzo za zege za uzio mzima. Na ajira hiyo aipewe kijana wa mtaa anayewajua watoto kwa majina, ili awafukuze na vizibo vyao.

Ndugu wa Uingereza, yaliyotokea Elsenham yanatisha, ila kuna tofauti moja kubwa. Walikuta treni ya pili. Pale kwetu reli ni moja, ikishapita imepita. Ninachokichukua kwako ni hayo maonyo ya maandishi. Tangu mkutano ule ilipoandikwa kwamba kona haionekani, hakuna mtu mwenye mamlaka atakayesema hakujua, hata tukiamua njia ibaki. Kuiacha wazi na migomba yake bila kufanya lolote ni kosa baya kuliko kuifunga.

Mama, suala la taa barabarani nitalisema, iwe njia imefungwa au haikufungwa.

Mzazi mwenzangu, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, na nimelala nikiifikiria. Ni kweli, tunajuana. Msaragambo wa kwanza watu wanajaa, wa tatu hawaonekani. Kwa hiyo siombi tufyeke tu. Naomba visiki ving'olewe, aliyelima aondoke kwa amri ya wenye hifadhi, na sehemu ile imwagwe kokoto au changarawe ili pasiote kitu kirefu. Vyuma vya kuzuia pikipiki, kama alivyosema kijana wa bodaboda, viwekwe siku hiyo hiyo. Hata hivyo kuhusu watoto nikuulize: wale wanaochuchumaa relini na vizibo, uzio wa pale njiani utawazuia vipi? Reli haiishii njiani. Wakikosa pale watachuchumaa hatua hamsini mbele, ambako hakuna mama anayepita na kuwakemea. Leo wanaonekana kwa sababu watu wanapita.

Kuna pia lile karavati la maji ya mvua chini ya tuta, upande wa chini kidogo wa njia. Kiangazi watoto wanapenya wameinama. Masika linajaa mpaka juu. Kulipanua liwe la kupita mtu wima ni kazi ya wahandisi na bajeti ya Halmashauri, halitajengwa mwaka huu. Lakini lisipoombwa halitajengwa kamwe, na hiyo ndiyo njia pekee ambayo mzee wa Kahe na mama lishe wote wataikubali, kwa sababu mtu na treni hawakutani kabisa.

Nitakachoomba mkutanoni ni kwamba kabla nguzo yoyote haijasimikwa, wanaopendekeza kufunga waje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya shule, tutembee wote hiyo njia ya kuzungukia pamoja na wanafunzi, kutoka mtaani hadi getini kwa shule. Diwani awepo, na mtu wa barabara awepo. Wakifika wakasema pale ni salama kuliko relini, waandike na waweke sahihi.

Nami naweka ahadi yangu hapa. Kona ikifunguliwa, vyuma vikawekwa, mlinzi akapangwa, halafu treni ikapita bila mlinzi kuwepo na bila mtu kueleza kwa nini, nitasaini njia ifungwe, hata kama karavati bado halijapanuliwa.