Wakala kaniuzia safari ya Guangzhou – Hong Kong, kanyamaza kuhusu viza. Nimekwama!

Wakuu, kuna wakala mmoja Kariakoo (simtaji, anajijua) kanichoma vibaya. Ratiba kaipanga mwenyewe: natua Guangzhou, nanunua mzigo, napanda treni kwenda Hong Kong kuangalia spea za simu, kisha narudi Guangzhou kusimamia upakiaji na kupanda ndege ya Dar. Kabla sijalipa nikamuuliza, viza inaruhusu? "Bosi, Hong Kong ni China hiyo hiyo, saa moja tu kwa treni."

Hiyo saa moja ni kweli. Ukikaa Xiaobei kama Waafrika wengi, metro ya kukufikisha stesheni ya Guangzhou South inakula muda karibu sawa na treni yenyewe. Ukishuka West Kowloon, uhamiaji wa pande zote mbili uko humo humo ndani ya jengo: wa China Bara wanakugongea muhuri wa kutoka, hatua chache mbele wa Hong Kong wanakupa kikaratasi kidogo cha kuingia. Pasipoti ya Tanzania haihitaji viza pale. Mteremko kabisa.

Ngoma ilikuwa kurudi. Afisa kafungua ukurasa wa viza, kaweka kidole kwenye "01", katikisa kichwa. Viza ya kuingia mara moja, na hiyo mara moja iliisha nilipotua Guangzhou! Ukivuka kwenda Hong Kong, kwa uhamiaji umeshatoka China.

Sasa mwenye ghala ananitumia ujumbe WeChat kila asubuhi, mzigo unatoka lini? Mimi niko Nathan Road, hapa Hong Kong, kwenye chumba ambacho ukifungua begi, mlango haufunguki. Nampigia wakala: mara yuko kikaoni, mara simu haipatikani. Alipopokea: "Omba viza nyingine hapo hapo." Kwa hela ya nani? Na tiketi ya Dar iliyopita bila mimi?

Kinachoniuma zaidi, fomu ya viza ya China inauliza wazi: unaingia mara moja, mbili au zaidi? Aliyejaza ni yeye, huku ratiba ya kuingia mara mbili kaiandika kwa mkono wake! Halafu ada ya "huduma kamili" kachukua yote.

Mlio na safari karibuni, fungueni pasipoti sasa hivi muangalie hiyo namba.

Ujumbe wake wa WhatsApp ninao wote. Kuna aliyewahi kumbana wakala wa aina hii mpaka akarudisha hela? Mlianzia wapi, polisi, FCC (Tume ya Ushindani) au mahakamani moja kwa moja?