Mlioacha nyama, na mlioacha kisha mkarudi: tupeane uzoefu

Kisu Butu: Wakuu, jana mwanangu wa miaka sita kasukuma sahani: "Baba, huyu si ndiye yule jogoo?" Nikajifanya natafuta chumvi. Walioacha nyama, mwili ulisemaje? Na dhamiri je? Tiririkeni.

Mama Pacha: Mwaka wa pili huu, sijutii.

Jani Bichi: Tembo anakula majani tu na ana nguvu kuliko nyie wote.

Chui: Tembo anatafuna hadi saa 16 kwa siku. Una huo muda?

Ndala Moja: Kaeni niwasimulie. Niliacha nyama, mayai, maziwa, vyote, kwa sababu ya ndama niliyemsikia akilia machinjioni. Miaka miwili ya mwanzo ngozi inang'aa, nawahubiria hadi wakwe. Mwaka wa nne nyayo zikashika ganzi, kama nimevaa soksi nzito. Nikasema ni uchovu. Ulimi ukawa mwekundu, hata maji yanauchoma. Siku hiyo natoka kuoga, nafika sebuleni, binti yangu ananiuliza, "Ndala nyingine iko wapi?" Kugeuka, iko kule mlangoni mwa bafu. Imenivuka na sikuhisi kitu. Nilikaa sakafuni nikalia. Vipimo vikaonyesha vitamini B12 imeshuka vibaya. Kumbe kwenye mboga haimo, ila ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana nilijiona salama. Na yale majani niliyokuwa nabugia yana foleti, vitamini nyingine ya kutengeneza damu, kwa hiyo damu ilionekana nzuri huku mishipa ya fahamu ikiharibika. Nimechomwa sindano miezi. Kidole gumba cha kushoto hakijarudi sawasawa hadi leo.

Mama Pacha: Hapo kwenye ndala nimesisimka. Kesho naenda kupima.

Chui: Ndo maana mimi nyama asubuhi, mchana, jioni.

Dengu: Gauti, ule ugonjwa wa viungo, inakusubiri. Mimi ilinishika saa nane usiku, shuka likigusa kidole napiga kelele. Sijaacha nyama, ila maini siyasogelei.

Jani Bichi: Shirika la Afya Duniani 2015 waliweka nyama kundi moja na sigara, la vinavyosababisha saratani. Endeleeni!

Dengu: Soma vizuri. Ni zile za kusindikwa, soseji na bekoni. Nyama nyekundu iko kundi la "huenda". Tena kundi linapima uzito wa ushahidi, siyo ukubwa wa hatari.

Jani Bichi: Wachinjaji wanakulipa ngapi?

Mama Pacha: Acheni ugomvi. Maharage kamulieni ndimu, chuma kinaingia vizuri mwilini. Chai msinywee papo hapo.

Chui: Bila chai chakula hakishuki.

Dengu: Na nyie wa "sili nyama ila maziwa nakunywa", ndama dume anayezaliwa hapo mnadhani anapelekwa wapi?

Kisu Butu: @Ndala Moja, ulirudi kwenye nyama?

Ndala Moja: Hapana. Nameza vidonge vya B12. Yule ndama bado namsikia.

Kisu Butu: Mwanangu leo kala mayai mawili. Hajauliza, na mimi sijasema.